Kabla hujaagiza silensa fupi ya bunduki

Kifurushi kinatua Mombasa kimeandikwa "chujio la mafuta ya gari". Ukikifungua unakuta bomba la alumini refu kidogo kuliko kiganja, limekatwa hesi upande mmoja, na ndani vikombe vidogo vimepangwa kimoja juu ya kingine. Hakuna gari linalofungwa chujio hilo. Ni kizuia sauti cha bunduki, kile watu wanachokiita silensa, na maswali kuhusu vifaa hivi yamezidi kutufikia, mengi kutoka kwa watu wenye bunduki halali na nia njema.

Wengi huulizia zile fupi kwa sababu ni nyepesi na hazirefushi mtutu. Hilo ni kweli. Lakini kizuia sauti hufanya kazi kwa kuipa gesi ya baruti nafasi ya kutanuka na kupoa kabla haijatoka. Ukipunguza urefu, umepunguza nafasi hiyo. Mlio wa bunduki ya risasi kali hufika desibeli 160 na zaidi. Kizuia sauti kizuri hupunguza takribani 20 hadi 35, na kifupi kwa kawaida hubaki upande wa chini wa kiwango hicho. Kelele ya ghafla ya desibeli 140 inatosha kuumiza sikio moja kwa moja. Fanya hesabu mwenyewe.

Tena risasi kali kama hiyo mara nyingi huenda mita 800 au 900 kwa sekunde, ilhali sauti katika joto la pwani yetu huenda karibu 350. Mpasuko wa risasi inayoipita sauti hauzimwi na bomba lolote. Ule mlio wa "pyu" ni wa filamu, na tafadhali tusiulizwe tena.

Kwenye bunduki inayojipakia yenyewe, gesi iliyozuiwa hurudi nyuma, ikamfikia mpigaji machoni na puani. Risasi nayo huweza kuhama pale ulipozoea kulenga. Bomba fupi hupata moto haraka, na ukilishika baada ya risasi chache linaunguza ngozi. Hewa yetu ya chumvi huongeza kutu kwenye hesi za chuma.

Sasa taratibu. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inapotafsiri neno silaha inajumuisha kifaa kilichotengenezwa au kurekebishwa ili kupunguza mlio au mwako wake. Kwa hivyo usidhani cheti cha bunduki yako kinakibeba na kifaa hiki. Kabla hujalipa hata shilingi, iandikie Bodi ya Leseni za Silaha, ueleze kifaa ni kipi na ni cha bunduki ipi, kisha usubiri jibu la maandishi. Jibu la simu si kibali. Ukikubaliwa, kibali cha kuingiza kipatikane kabla mzigo haujaondoka ng'ambo. "Nitaomba ukishafika bandari ya Kilindini" tunaisikia mara kwa mara, na wakati huo umeshachelewa.

Kuandika jina la uongo kwenye stakabadhi ni kosa la pili, linalosimama peke yake. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inaweka kifungo kisichozidi miaka 3 au faini isiyozidi dola 10,000 za Marekani. Usiseme muuzaji ndiye aliyeandika, au wakala ndiye aliyejaza fomu. Mzigo una jina lako.

Kama shida yako ni masikio, vaa vizibo ndani na vifuniko juu yake, vyote viwili, kila unapopiga shabaha. Vinauzwa bila leseni, na hata mwenye silensa anavihitaji.

Na kama umeshaagiza na mzigo uko njiani, beba risiti na mawasiliano yako na muuzaji, uende forodha mwenyewe, na wakili ukitaka, kabla kifurushi hakijafunguliwa.