"Picha: Google" si chanzo, wala si ruhusa

Nimeikuta tena kwenye ripoti za muhula huu: "Picha: Google." Iko chini ya twiga, iko chini ya mchoro wa moyo, iko chini ya Msikiti Mkuu wa Kilwa. Naomba tuyamalize haya.

Google ni dalali. Amekuonyesha nyumba, lakini nyumba si yake. Bofya, ingia kwenye ukurasa ilikotoka picha, tafuta aliyeipiga na masharti aliyoyaweka. Usipoyaona masharti, usidhani ni ya bure. Tanzania na Kenya zote zimo kwenye Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, na humo hakimiliki huanza kazi inapoundwa, bila kusajiliwa na bila alama yoyote.

Kinachonichosha hasa, na nakisikia hata kwa walimu wenzangu, ni hiki: "Lakini nimemtaja mwenyewe!" Kumtaja ni jambo moja, kuruhusiwa ni jingine. Chukua picha ya mpigapicha wa gazeti bila kumwomba, andika jina lake kwa herufi kubwa, ichapishe kwenye kalenda ya shule mnayouza: umevunja sheria, jina lipo. Chukua picha yenye CC0, tamko la kuachia haki: mwenyewe amekwisha kuachia haki zake, leseni haikudai hata jina. Mimi nitakudai, kwa sababu anayesahihisha kazi yako anastahili kujua ulikoitoa. Huo ni uaminifu wa kitaaluma, si hakimiliki. Mwanafunzi asiyetenganisha haya mawili ataogopa picha halali na kuchapisha za watu bila wasiwasi.

Ndiyo, sheria zetu zinaachia nafasi kwa kufundishia. Usiibebe nafasi hiyo hadi Facebook.

Leseni za Creative Commons (CC), yaani ruhusa zilizoandikwa tayari ambazo mwenye kazi huziambatisha kwenye kazi yake, husomeka haraka. BY, taja jina. SA, ukiibadilisha na kuisambaza, itoe kwa leseni ileile. ND, usisambaze uliyoibadilisha. NC, si kwa biashara, na hapa ndipo ninapokwama. Leseni inaangalia matumizi, haiangalii ni nani anayetumia. Kwa hiyo slaidi za darasani nazikubali hata kwenye shule inayotoza ada, na brosha ya kutafutia wanafunzi naikataa. Jarida la shule linalouzwa ili kufidia gharama za uchapaji? Nimebishana na wenzangu na bado sina jibu ninaloweza kulitetea.

Kwa hiyo wanafunzi wangu nawaanzisha Wikimedia Commons, hazina ya mtandaoni ya picha zenye leseni huru, ambayo haipokei picha ambayo leseni yake pekee ni ya NC au ND. Mstari ninaoutaka ni huu: "Msikiti Mkuu wa Kilwa, picha ya Fulani bin Fulani, Wikimedia Commons, CC BY-SA 4.0, nimekata ukingo wa kushoto." Jina la picha na la leseni viwe na viungo. Ukiikata au kuibadili rangi, sema.

Hata huko, wapo wanaopakia picha za wenzao na kuzibandika leseni wasiyo na mamlaka nayo. Itafute kwa kuipakia picha yenyewe kwenye mtambo wa kutafuta, uone inaonekana wapi kwingine. Ikijitokeza kwenye tovuti ya wakala wa habari kwa tarehe ya zamani zaidi, iache. Na leseni ya mpigapicha haisemi lolote kuhusu ridhaa ya mtoto anayeonekana uso. Picha za watoto wa watu nimezikataza kabisa kwenye mabango yetu, hata ziwe na leseni gani.