Sumu zinazotungiwa sheria, na jamani acheni hayo maziwa

Hizi kemikali ambazo sheria mpya zinataka ziondolewe ni zipi?
Ni sumu zisizooza. Ikishaingia kwenye udongo inakaa miaka, inapita kwa samaki na mifugo mpaka inatufikia sisi, na ndani yetu inajificha kwenye mafuta ya mwili. Humo zimo dawa za wadudu kama DDT, lindane na endosulfani, kuna PCB, kemikali ya kwenye mafuta ya transfoma za umeme za zamani, na kuna dioksini ambazo hakuna anayezitengeneza makusudi, zinajitokeza zenyewe tukichoma plastiki.

Si zilishapigwa marufuku zamani?
Mkataba wa Stockholm, yaani makubaliano ya nchi nyingi ya kuziondoa sumu hizi, ulipitishwa 2001, ukaanza kazi 2004 na kemikali 12, saivi orodha imepita 30. Lindane iliingia 2009, endosulfani 2011. Ila mkataba hauingii stoo ya mtu, kila nchi inabidi itunge sheria yake, ndo maana miswada bado inapendekezwa mpaka leo, alafu mkataba wenyewe unatoa muda, mfano vifaa vyenye PCB vilitakiwa viwe vimeachwa kutumika kufikia 2025 na taka zake zishughulikiwe kufikia 2028.

Kwa hiyo mpaka tarehe ifike ni salama kutumia?
Hapana. Muda ule wamepewa viwanda na serikali wajipange, mwili wako haujapewa muda wowote.

Mtu akimeza dawa ya wadudu tumpe maziwa kwanza?
HAPANA. Hili ndo swali lililonifanya niandike yote haya. Analetwa mtoto hospitali kwetu, shati limelowa maziwa na linanuka dawa, mama anasema tulimnywesha tukawa tunamwangalia kwanza, ukiuliza alikunywa nini unaambiwa ilikuwa kwenye chupa ya soda chini ya kitanda. Sikilizeni: sumu kama lindane na endosulfani zinapenda mafuta, na maziwa yana mafuta, kwa hiyo ukimpa maziwa unaisaidia sumu iingie kwenye damu vizuri zaidi. Mafuta ya kula hivo hivo. Na msimtapishe, dawa nyingi zimechanganywa na vimiminika jamii ya mafuta ya taa, akitapika vinaingia mapafuni na hapo mmeongeza tatizo la pili.

Lakini jirani yetu alipewa maziwa akapona.
Alipona pamoja na hayo maziwa, sio kwa sababu yake. Pengine alimeza kidogo, pengine ilikuwa sumu nyingine kabisa. Usimpe.

Akionekana yuko sawa tusubiri tuone?
Msisubiri. Dalili zinaweza kuanza baada ya nusu saa, zinaweza kuchukua masaa kadhaa: ganzi mdomoni, kichefuchefu, kutetemeka, au degedege inayokuja ghafla bila hata hayo mengine. Hakuna sindano ya kuzifuta sumu hizi mwilini, tunachofanya sisi ni kuzuia degedege na kulinda pumzi, na hiyo kazi haifanyiki sebuleni. Hospitali, sasa hivi, hata kama anacheza na kucheka, na mje na kopo au chupa yenye lebo maana "ilikuwa dawa nyeupe" haitusaidii kitu.

Na wakati tunatafuta usafiri?
Mvueni nguo zilizomwagikiwa, osheni ngozi na nywele kwa maji na sabuni, anayeosha avae glavu au hata mifuko ya plastiki mikononi. Degedege ikianza mlazeni ubavu, msimwekee kitu mdomoni, hata kijiko. Maziwa nimeshajibu.

Nasikia sumu hizi zinapita kwenye maziwa ya mama, niache kunyonyesha?
Usiache. Ni kweli kiasi kinapita, ila faida ya kunyonyesha ni kubwa kuliko hiyo hatari na Shirika la Afya Duniani linasema endelea. Maziwa ninayoyakataza ni yale ya kumpa aliyemeza sumu, msije mkanichanganyia.

Mafuta ya transfoma yanaponya kidonda?
Hayaponyi. Mtu mzima kabisa anakuja na kidonda cha mguuni kinang'aa mafuta, pembeni ngozi imeshika weusi, anashangaa kwanini hakifungi. Mafuta ya zamani yanaweza kuwa na PCB, na PCB inasababisha saratani. Osha kidonda kwa maji safi na sabuni, njoo kliniki mapema.

Nina dawa ya zamani stoo, niifanyeje?
Usiichome, usiimwage chooni wala mtoni, na usimgawie jirani. Iache kwenye kopo lake lenye lebo, ifungie mbali na chakula na watoto, alafu uliza ofisi ya kilimo au ya mazingira wanazikusanyaje. Usiihamishie kwenye chupa ya soda wala ya maji, hata kwa siku moja. Na kopo likiisha usiweke maji ya kunywa wala unga, hata ukilisuuza mara ngapi, litoboe ili asije mwingine akaliokota akalitumia.