Mbona bunduki ya plazima huchemka ukishikilia triga? Jibu lake lapita Kizingo

Juzi usiku tulikuwa Kibokoni kwa binamu yangu, mdogo wao wa mwisho ameshika pedi ya Xbox 360 anacheza Halo 3: ODST, ile gemu ya 2009 ambayo karibu yote yafanyika huku kwetu, Mombasa ya mwaka 2552 waliyoiita New Mombasa. Akafika misheni ya Kizingo Boulevard, akaokota bunduki nyekundu ya plazima ya wale Brute, viumbe wa anga walio maadui humo, akashikilia triga hakuachia, mara pssss, bunduki ikafunguka ikatoa mvuke na yeye yuko mbele ya Brute hana cha kupigia. Akanigeukia akauliza, "Mbona yachemka, na hawa wametoka mbali huko angani na mameli yao yote yale?" Swali zuri sana hilo, nimekaa nalo siku mbili.

Kwa wasioijua Halo, binadamu wanapigana na majeshi ya viumbe wa anga yaitwayo Covenant, na silaha za Covenant nyingi hazipigi risasi, zinapiga plazima. Plazima si kitu cha kutungwa, ni gesi iliyopata moto mpaka elektroni zikabanduka kwenye atomu, ndiyo iliyoko kwenye jua, na radi ikipiga hewa inayopita inakuwa plazima ya takriban nyuzi 30,000 za Selsiasi, mara tano ya uso wa jua. Sasa fikiria kitu cha namna hiyo kiko kwenye mkono wako na unakitoa mara kadhaa kwa sekunde. Hata ukikizuia kwa sumaku, kama hadithi ya gemu inavyosema, joto lazima lipate pa kwenda. Ni kama matatu iliyokaa foleni ya feri Likoni saa nane mchana, injini inazunguka na upepo hakuna, mwisho dereva afungua boneti tu.

Na shida hii ya joto ni ya zamani mno. Ukienda Fort Jesus utaona ile mizinga ya zamani, mizinga ya aina ile mpigaji alikuwa akishapiga asugua ndani kwa kitambaa kilicholowa maji kwanza, kwa sababu cheche iliyobaki ingewasha baruti mpya angali anaisukuma. Bunduki ya Gatling ya 1862 ikaja na mitutu mingi inayozunguka, mmoja ukipiga mingine inapoa. Bunduki ya Maxim ya 1884 ikavishwa koti la maji lita kama nne, kwa sababu ilikuwa inatoa risasi kama 600 kwa dakika na bila maji mtutu ungeharibika. Yaani kila aliyetaka kupiga haraka alilazimika kujibu swali la yule mtoto.

Lakini hapa ndipo nilipokwama mimi, na ndipo penye utamu wenyewe. Kwenye gemu hiyohiyo binadamu wana bunduki yao ya kumimina, M7, na hadithi yasema risasi zake hazina ganda. Kwenye bunduki za kweli lile ganda la shaba linaloruka pembeni huwa linaondoka na joto jingi, liokote likiwa limetoka sasa hivi uone vidole vyako. Ukiondoa ganda, joto lote labaki ndani, na wahandisi waliojaribu bunduki za namna hiyo walisumbuka sana na risasi kujilipukia zenyewe kwenye chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, iliyopata moto. Kwa hiyo kwa haki kabisa M7 ndiyo ingechemka! Na haichemki hata kidogo, yamimina risasi 48 kwenye ODST, unabadilisha magazini, unaendelea.

Hapo nikaona kumbe joto la kwenye gemu si fizikia peke yake, ni pumzi. M7 ina magazini, ikiisha unasimama sekunde mbili na adui anapata nafasi yake. Bunduki ya plazima haina magazini, ina betri moja kubwa, bila joto ungeshikilia triga tangu Kizingo mpaka Kikowani (na Kikowani pia imo humo ndani, ni jina la stesheni) na hakuna wa kukusimamisha. Waliotengeneza gemu, Bungie, tangu Halo ya kwanza ya 2001 waliweka joto mahali pa magazini. Tofauti ni kwamba magazini inakuhesabia yenyewe, joto unalihesabu wewe, ukiachia mapema inapoa na unaendelea bila kusimama kabisa, ukizidisha kidogo tu inakufungia. Mimi naona ni wazo zuri kuliko magazini, kwa sababu linamlipa mwenye subira.

Ndiyo maana ile nyekundu ya Brute, iliyoanza Halo 2 mwaka 2004, yapiga haraka kuliko ile ya plazima ya kawaida, ya buluu, lakini yachemka haraka vilevile, mbio zake unazilipia. Halafu Halo: Reach ya 2010 wakaleta bunduki nyingine ya plazima, plasma repeater, hii haikufungii ghafla, kadiri inavyopata moto ndivyo inavyopiga polepole, mpaka ubonyeze kile kitufe cha kubadilisha magazini, hapo inafunguka yatoa joto na kurudi kasi yake. Wengi hawajui hiyo wakaiona bunduki mbovu, kumbe hawajawahi kuipumzisha.

Kitu kingine, plazima inakula ngao za adui vizuri kuliko risasi lakini mwili wenyewe inauchubua tu, ndiyo maana kwenye Halo 2 watu walishika plazima mkono mmoja na M7 mkono mwingine, hii yavunja ngao, ile yamaliza kazi.

Yule mdogo nilimwambia asiangalie Brute, asikilize bunduki, apige tano sita aachie, apige tano sita aachie. Mara ya kwanza ikamchemkia tena. Mara ya tatu alivuka Kizingo yote na mvuke hakuuona, na jasho la kidole limebaki pale kwenye triga ya pedi.