Mjaribu programu wa kujitolea: ni nani, na anaanzia wapi?

Mjaribu programu wa kujitolea ni mtu anayetumia programu kabla haijatolewa rasmi, au anayetumia iliyokwisha kutoka huku akiichunguza, kisha akawaandikia watengenezaji kasoro alizoziona. Halipwi, wala si lazima ajue kuandika msimbo, yaani maagizo yanayoiendesha programu. Kinachomtenga na mtumiaji wa kawaida ni huko kuandika, tena kwa namna ambayo mtu aliyeko Berlin au Nairobi anaweza kufuata maelezo yake na kuliona tatizo lilelile kwenye mashine yake.

Wajaribu wa aina hii wanahitajika zaidi kwenye programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadili na kuugawa. Firefox ya kuvinjari mtandao ni mojawapo, vilevile LibreOffice ya kazi za ofisi, VLC ya kuchezea video, na DHIS2, mfumo unaotumika nchini Tanzania kukusanya takwimu za vituo vya afya. Miradi mingi ya namna hii haina fedha za kuajiri wapimaji wa kutosha. Inatoa toleo la majaribio, basi atakayelipakua ndiye mpimaji.

Vijana wengi wa huku Mtwara wakisikia habari hii husema, "Mpaka ninunue mashine nzuri." Mimi naona mashine mbovu ndiyo mtaji. Mtengenezaji mwenye kompyuta mpya na intaneti isiyokatika hajui programu yake inafanyaje kwenye simu yenye RAM ya GB 2, mtandao ukija na kupotea ndani ya basi la Newala. Hajui faili linakuwaje umeme ukikatika ghafla katikati ya kuhifadhi. Wewe unayajua hayo bila hata kuyatafuta.

Anza na programu unayoitumia tayari. Tuseme ni karani wa AMCOS, chama cha ushirika wa mazao, huko Tandahimba anayepiga hesabu za korosho kwenye Calc, ile ya majedwali ndani ya LibreOffice. Matoleo makubwa ya LibreOffice hutoka mara mbili kwa mwaka, Februari na Agosti, na kabla ya hapo hutangulia matoleo ya majaribio. Chukua yale ya mwanzo, yaitwayo alpha na beta: hukaa pembeni ya toleo la kawaida kwenye kompyuta ileile, hivyo kazi ya ofisi haiguswi. Firefox nayo ina toleo liitwalo Nightly, ambalo kwenye simu hukaa sambamba na Firefox ya kawaida. Hilo husasishwa karibu kila siku, kwa hiyo liwekee masharti ya kusasishwa kwenye Wi-Fi tu, la sivyo bando litaisha kabla hujaona kasoro hata moja. Faili za kujaribia ziwe nakala. Hesabu halisi za wakulima usizifungulie humo.

Wengi hukimbilia kutafuta hitilafu mpya, lakini kazi nyepesi na yenye faida kubwa kwa anayeanza ni kuthibitisha zilizokwisha kuripotiwa. Kwenye daftari la hitilafu la LibreOffice, ripoti mpya huingia ikiwa bado haijathibitishwa. Unaichukua, unafuata hatua za mwenzako moja baada ya nyingine, unaandika kama nawe umeliona tatizo au hukuliona, na kwenye toleo lipi. Hapo hapo unajifunza ripoti nzuri ikoje, maana mbaya zitakusumbua kweli.

Utajifunza pia kwamba si kila kinachoudhi ni hitilafu. Chukua orodha ya wakulima iliyo kwenye faili la CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato. Ukiifungua kwa Calc, namba za simu zinapoteza sifuri ya mwanzo, 0784 inakuwa 784. Inakera, ila programu imefanya ilivyokusudiwa: imeona tarakimu, ikazichukulia kuwa namba ya hesabu. Dawa ni kuichagulia safu hiyo aina ya maandishi kwenye dirisha linalotokea wakati wa kufungua. Ukiripoti, ripoti itafungwa.

Na ripoti yenyewe? "Wakuu, programu yenu inafuta hesabu zangu" haimsaidii mtu. Linganisha na hii ya mfano:

"Windows 10, RAM GB 4. Nimefungua jedwali jipya. A1 nimeandika 1250, B1 nimeandika 3400, C1 nimeweka =A1*B1. Nimehifadhi kama xlsx, nikafunga, nikafungua tena. Nilitarajia C1 ioneshe 4250000. Nimeikuta tupu. Nimerudia, inatokea kila mara. Nikihifadhi kama ods haitokei."

Sentensi ya mwisho ndiyo dhahabu, maana inamwambia mtengenezaji achimbe upande wa xlsx, aina ya faili ya Excel, si ods ambayo ni ya LibreOffice yenyewe. Namba kamili ya toleo usiibahatishe. Iko kwenye menyu ya Msaada, sehemu inayoeleza kuhusu LibreOffice, na pana kitufe cha kuinakili. Ripoti nyingi huandikwa kwa Kiingereza, ila Kiingereza cha sentensi fupi kama hizo kinatosha kabisa.

Jambo la kuangalia sana: faili unaloambatisha huonekana na dunia nzima. Majina ya wakulima, namba za simu na za akaunti za benki yasiwemo. Tengeneza faili dogo la uongo linaloonesha tatizo lilelile. Na ukigundua kasoro inayoweza kumfungulia mwizi mlango, usiiweke hadharani. Miradi mikubwa ina njia ya faragha ya kupokea taarifa za usalama, na hiyo ndiyo ya kutumia.

Kiswahili nacho ni uwanja wetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la OpenOffice, programu ambayo LibreOffice ilichipuka kwayo mwaka 2010. Maneno yetu mara nyingi ni marefu kuliko ya Kiingereza, na vitufe vilivyopimwa kwa Kiingereza huyakata katikati. Piga picha ya skrini uiripoti. Tafsiri mbovu ni suala jingine, hilo hurekebishwa na watafsiri.

Ukishatuma, usitegemee majibu kesho. Wapo watakaokaa kimya miezi, wapo watakaokuuliza maswali, na ripoti isiyojibiwa maswali hufungwa. Wengine watakuomba utafute badiliko kamili la msimbo lililoleta hitilafu, kazi inayodai kupakua GB kadhaa. Kwa bando la huku, waachie wenye intaneti ya waya. Wewe sakinisha toleo moja la zamani, jaribu, uwaandikie kama humo tatizo halikuwepo.