Tundu dogo si upasuaji mdogo

Juzi kwenye boti ya kutoka Mkoani nilimsikia kijana akimtuliza mama yake kwa simu: "Usihofu mama, baba anafanyiwa operesheni ndogo tu, ile ya matundu." Ami yangu naye, alipofanyiwa upasuaji kama huo wa njia ya mkojo, alirudi nyumbani na neno hilohilo. Siku ya tano akainua gunia la karafuu. Mkojo ukageuka damu, donge likaziba njia, tukamrudisha wodini usiku.

Mkojo hutoka figoni, hupita kwenye mirija miwili hadi kibofuni, kisha hutoka kwa njia moja. Njia hii yote, tangu figoni hadi nje, huweza kuzibwa na jiwe, na mrija uliobana tangu kuzaliwa, na tezi dume iliyotanuka, au na makovu ya kichocho, maradhi tunayoyajua vyema Unguja na Pemba. Upasuaji wa tundu dogo ni kuifungua kwa kamera na vifaa vyembamba vinavyopitishwa kwenye vitundu vya tumboni au ubavuni, au kwenye njia ya mkojo yenyewe bila kuchana ngozi.

Sasa hilo neno "ndogo". Lugha yetu haimwachi mtu abahatishe sifa ni ya nani. Ukisema "tundu dogo", udogo ni wa tundu. Ukisema "upasuaji mdogo", udogo umeuhamishia kwenye upasuaji, na hospitali upasuaji mdogo ni kitu kingine kabisa: kupasua jipu, kushona jeraha, ganzi ya pale pale na mtu anakwenda zake. "Operesheni" nayo asili yake ni Kilatini, na kiini chake ni kazi. "Kupasua" ndiko kunakotazama mkato, kama tupasuavyo mbao. Kwa hiyo anayesema "operesheni ndogo" anasema kazi ilikuwa ndogo, na hapo ndipo anapokosea. Kuunganisha upya mrija uliobana karibu na figo, kwa kushona kupitia vitundu, mara nyingi huchukua muda mrefu kuliko kumfungua mgonjwa ubavu. Tezi dume hukwanguliwa kwa waya wa umeme, kipande kwa kipande, mgonjwa akiwa amechomwa sindano ya ganzi mgongoni au amelazwa kwa nusu kaputi. Nje huoni hata mshono, lakini ndani kuna kidonda kinachotaka wiki kadhaa kupona.

Faida zipo, tena kubwa. Kwa mrija ule wa figo, upasuaji wa vitundu na ule wa kufungua ubavu vyote viwili hufaulu kwa zaidi ya wagonjwa 90 katika 100. Tofauti ni maumivu na siku za kulala wodini. Kwa tezi dume, mpira wa mkojo kwa kawaida hutolewa baada ya siku 1 hadi 3, ilhali aliyepasuliwa tumbo hukaa nao kama wiki. Wanaume waambiwe pia, wazi na kwa heshima, kwamba baada ya kukwanguliwa tezi wengi wao manii hurudi kibofuni badala ya kutoka nje.

Watu husema pia ni "rahisi", na neno hili lina maana mbili. Wepesi nimeshausema. Bei, bili ya chumba cha upasuaji huweza kuwa kubwa zaidi, kwa sababu ya kamera na vifaa vinavyotumika mara moja vikatupwa. Nafuu huonekana nyumbani: nauli ya boti ya muuguzaji, chakula chake mjini, siku ambazo mvuvi hakwenda baharini.

Wengine huachiwa mrija laini ndani, kati ya figo na kibofu, na hupewa tarehe ya kurudi kuutoa. Aliyeambiwa "ndogo tu" husahau, na mrija ukikaa miezi mingi huota mawe juu yake.

Kwa hiyo, kijana wangu wa kwenye boti, mpigie mama tena. Mwambie baba kafanyiwa upasuaji wa tundu dogo, na asiinue kitu kizito mpaka daktari amruhusu.