Mwarobaini hauponyi saratani

Pale Marikiti, Mombasa, ukiulizia dawa ya saratani hukosi wa kukuelekeza kwenye mwarobaini au vitunguu vyekundu. Imani hiyo ni ya zamani, na haikuzuka hewani. Mimea hiyo ina flavonoidi, yaani aina ya kemikali za asili za mimea, na mojawapo, kwasetini, imechunguzwa sana. Seli nyingi za saratani hula sukari kwa pupa. Maabarani kwasetini hupunguza sukari inayoziingia na kuvuruga ishara zinazoziamuru zigawanyike. Baadhi hufa.

Lakini huko seli zimerowekwa kwenye dozi kubwa. Ukiila, utumbo hufyonza kidogo, kisha utumbo wenyewe na ini huibadilisha upesi, hata inayobaki kwenye damu ni haba na si ile ile tena. Kachumbari haifikii kipimo kile, hata umalize sinia nzima. Hakuna flavonoidi iliyothibitishwa kuponya saratani kwa binadamu.

Mimea si ya kudharauliwa, jamani: vinkristini, dawa ya saratani ya hospitali, hutoka kwenye mmea wenye asili ya Madagaska. Ila si flavonoidi, na husafishwa na kupimwa kabla ya kumfikia mgonjwa.

Vitunguu kula upendavyo. Vidonge vya kwasetini au mwarobaini wa kuchemsha, mwambie daktari kwanza kama uko kwenye kemo (matibabu ya saratani kwa dawa kali), kwani vinaweza kuingilia jinsi ini linavyoshughulikia dawa.