Masalia ya ngome za pwani: maana yake na namna ya kuyasoma

Msikilizaji wa redio jijini Nairobi hulisikia neno ngome karibu kila siku, ila hulisikia likiwa mbali na bahari. Mtangazaji wa kandanda husema mshambuliaji ameipenya ngome ya wapinzani, na msomaji wa taarifa za siasa husema mgombea fulani amevamia ngome ya mwenzake kutafuta kura. Katika matumizi hayo yote mawili ngome ni watu wanaolinda, wala si jengo. Ngome yenyewe, ya mawe na chokaa, iko pwani, kule Mombasa, mwendo wa kilomita zipatazo 480 kwa barabara, na siku hizi hailindi mtu yeyote. Hiyo ni mojawapo ya masalia ya ulinzi wa pwani, yaani kuta, minara, mahandaki, mizinga na vituo vya walinzi vilivyojengwa ili manowari za adui zisiingie bandarini na askari wake wasishuke ufukoni, ambavyo vita vyake vimekwisha na silaha zake zimepitwa na wakati, lakini vyenyewe vingali vimesimama, vizima au nusu.

Si kila gofu la pwani huingia katika kundi hili, na jina la mahali linaweza kumpotosha mtu. Katika kisiwa cha Kilwa Kisiwani, nchini Tanzania, kuna magofu yaitwayo Husuni Kubwa, na husuni ni neno lenye asili ya Kiarabu linalomaanisha ngome. Hata hivyo, jengo hilo la karne ya 14 lilikuwa kasri ya sultani, lenye nyua pana na birika la kuogea la pembe nane, mambo ambayo askari anayengoja mashambulizi hana haja nayo. Ngome halisi ya kisiwa hicho iko kando ya maji. Wareno waliianzisha mwaka 1505, ikajengwa upya baadaye wakati wa Waomani, na wenyeji huiita Gereza.

Hapa inafaa kutua kidogo, kwa sababu neno gereza lenyewe ni salio la ulinzi wa pwani, na pengine ndilo salio pekee ambalo mkazi wa Nairobi hukutana nalo kila anapopita karibu na magereza ya Kamiti au Lang'ata. Asili yake inahusishwa na neno la Kireno igreja, lenye maana ya kanisa. Kutoka kanisa hadi kifungo ni safari ndefu, lakini kila kituo chake kinaonekana hadi leo: ndani ya ngome ya Fort Jesus, Mombasa, Wareno walijenga kanisa ambalo misingi yake bado iko uani, na Ngome Kongwe ya Unguja ilijengwa na Waomani mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Neno likahama kutoka kanisa kwenda kwenye ngome iliyolizunguka. Kisha ngome zikageuzwa kuwa mahali pa kufungia watu, na neno likahama tena pamoja nazo. Fort Jesus ilikuwa jela ya serikali ya kikoloni kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Ngome ya Lamu, iliyokamilika mwaka 1821, ilifanywa jela mwaka 1910 na wafungwa wa mwisho waliondolewa mwaka 1984. Anayesema gereza leo bila kuifikiria bahari anatumia maana ya tatu ya neno lililoingia kwa jahazi.

Historia hiyo inaeleza pia kwa nini baadhi ya ngome zimebaki na nyingine zimetoweka. Wengi hudhani kwamba kilichobaki ni kile kilichojengwa imara zaidi, lakini mimi naona kwamba kilichobaki, mara nyingi, ni kile kilichopata kazi nyingine. Jengo lisilo na mwenyewe pwani huwa machimbo, kwa kuwa jiwe la matumbawe lililokwisha kuchongwa ni rahisi kulibeba kuliko kulikata jipya, na mwenye kujenga nyumba hawezi kuliacha limelala bure. Jela, pamoja na ubaya wake wote, huhitaji kuta nzima na paa lisilovuja. Mtindo huu haukuwa wa pwani yetu peke yake: Uingereza, kwa kumhofia Napoleon, ilijenga minara ya mviringo zaidi ya 100 katika ufuko wake wa kusini na mashariki mwanzoni mwa karne ya 19, na baadhi ya hiyo iliyosalia leo ni nyumba za kuishi.

Njia bora ya kulisoma salio la namna hii ni kuuliza lilimwogopa nani, na jibu huwa liko katika upande lilikoelekezwa nguvu zake. Minara hiyo ya Uingereza ina ukuta mnene zaidi upande wa bahari, kwa maana adui alitarajiwa kutoka huko tu. Fort Jesus, iliyojengwa kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, ni tofauti. Ina buruji nne, yaani sehemu za ukuta zilizochomoza nje, katika pembe zake, na upande wa bara kuna handaki kavu lililochongwa katika mwamba wenyewe wa matumbawe. Wareno hawakuihofia bahari peke yake. Miaka michache tu kabla ya ujenzi, mwaka 1589, Wazimba, kundi la wapiganaji, walikuwa wamevuka kutoka bara na kuiteka Mombasa, na pale Makupa, palipokuwa na kivuko cha kuingilia kisiwani, Wareno waliweka ngome ndogo za kuwazuia watu wa bara.

Hofu hiyo ilikuwa na msingi, ingawa kilichoiangusha ngome hatimaye hakikuwa mizinga. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na waliokuwa ndani waliuawa na maradhi na njaa zaidi kuliko silaha. Meli ya Kireno iliyokuja kuwaokoa, Santo António de Tanna, ilizama mwaka 1697 chini ya ngome hiyohiyo, na mabaki yake yalichunguzwa na wapiga mbizi katika miaka ya 1970. Meli hiyo nayo ni salio la ulinzi wa pwani, japo mgeni anayesimama ukutani haoni ila maji.

Ulinzi wa karne ya 20 ulitumia saruji badala ya matumbawe. Ujerumani ilipanga vituo vyake vya saruji kutoka Norwe hadi kusini mwa Ufaransa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kwa kuwa ni shida kuvibomoa na ni shida zaidi kuvitumia, vingi vimeachwa vizame mchangani.

Masalia ya Kenya yako chini ya Makavazi ya Kitaifa, yenye makao makuu Nairobi, kwa sheria ya mwaka 2006, na Fort Jesus iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011. Adui wa zama hizi amekuwa mawimbi, yaliyoula mwamba ulioibeba ngome.

Mgeni akipata nafasi ya kuingia humo, asiishie kwenye mizinga, ambayo kila mtu hupigia picha. Kuna kipande cha lipu kilichotolewa katika buruji moja, chenye michoro ya mkaa na udongo mwekundu iliyochorwa na askari wa Kireno: watu, samaki, na meli moja baada ya nyingine, zikiwa na milingoti na matanga yake. Walipewa kazi ya kuitazama bahari, na meli zilipochelewa, walizichora wenyewe ukutani.